Sanduku Tupu kwa Elfu Sitini

Jumapili moja usiku nilikuwa karibu kununua sanduku tupu. Lilikuwa lile kasha la karatasi ngumu la kutilia seti ya vitabu vitatu, ubavuni limechorwa joka la dhahabu, na muuzaji alikuwa amelipiga picha kumi na moja: mbele, nyuma, kona, joka, joka tena. Bei pauni 360, kwa shilingi zetu kama elfu sitini. Maelezo yalikuwa marefu kama barua ya posa, na ni sentensi ya mwisho kabisa iliyosema kwamba vitabu havimo.

Nakusanya riwaya za fantasia tangu nilipoanza kufundisha hapa Kisumu. Minada ya mtandaoni naifuatilia jinsi wenzangu wa stafurumu wanavyofuatilia ligi ya Uingereza. Nimewahi kulanguliwa, tena si mara moja, kwa hiyo haya ninayoyasema nimeyalipia.

Kwanza, bei unayoiona ni ndoto ya muuzaji. eBay wana kichujio cha vitu vilivyokwisha kuuzwa. Ukikibonyeza, ile riwaya inayoombewa dola 900 unaikuta imenunuliwa juzi kwa 35. Mimi sitazami tena bei yoyote kabla ya kupitia huko. Na zile za ajabu kabisa, nyingine hazikupangwa hata na binadamu. Mwaka 2011 kitabu kimoja cha sayansi kuhusu nzi kilionekana Amazon kwa zaidi ya dola milioni 23. Wauzaji wawili walikuwa wameachia programu zipange bei. Moja ilijiweka chini kidogo tu ya mwenzake, nyingine ikachukua bei ya mwenzake na kuizidisha kwa takriban 1.27, zikawa zinapandishana hivyo bila mtu kutazama. Nzi, jamani.

Halafu kuna wale waliosikia habari nusu. Toleo la kwanza la kitabu cha kwanza cha Harry Potter, lenye jalada gumu, lilichapishwa Uingereza mwaka 1997 nakala 500 tu, na Desemba 2021 nakala moja ilinunuliwa mnadani Marekani kwa dola 471,000. Tangu hapo kila mwenye nakala iliyokunjika masikio anajiona tajiri. Watakuonyesha ukurasa wa 53, ambapo fimbo ya uchawi imetajwa mara mbili katika orodha ya vifaa vya shule. Kosa hilo ni la kweli, lakini peke yake halitoshi. Omba picha ya ukurasa wenye maelezo ya mchapishaji, utafute mstari wa namba: uwe unaanzia 10 na kushuka hadi 1. Ukiishia kwenye 7, hiyo ni chapa ya saba, hata muuzaji aape kwa kaburi la nyanya yake. (Wachapishaji wengine wana desturi zao, kwa hiyo usiutumie mstari huo kama kipimo cha kila kitabu.) Muuzaji akikataa kupiga picha ya ukurasa huo, mimi huaga.

Kilichoniuma zaidi ni kitabu cha dola 140 kutoka Marekani. Kiliandikwa "toleo la kwanza", na kilifika kwa sanduku la binamu yangu aliyekuja Krismasi, maana nauli ya kukituma ingekuwa kubwa kuliko kitabu chenyewe. Nilikifungua mezani, mama akichambua osuga kando yangu. Ile karatasi ya nje inayofunika jalada ilikuwa imekatwa kona mbili kwenye mkunjo wake wa mbele. Ya juu haikunishtua: ndipo bei huandikwa, na mtu akitoa zawadi huikata. Lakini ya chini? Nani hukata kona ya chini? Nikakipima mkononi, chepesi. Nikapitisha kidole kwenye jalada la nyuma, karibu na mgongo, nikagusa kishimo kidogo, kama alama ya kucha. Kilikuwa toleo la klabu ya vitabu, yale yaliyochapishwa kwa maelfu kwa ajili ya wanachama, na maneno ya kusema hivyo yalikuwa pale pale kwenye kona iliyokatwa.

"Si kinasomeka?" mama akauliza.

Kinasomeka, mama.

Kuhusu dau lenyewe sina mengi. Amua kiwango chako cha mwisho mchana, ukiwa umeshiba, ukiandike mahali. Minada mingi ya Uingereza hufungwa Jumapili jioni yao, ambayo kwetu ni saa nne au saa tano usiku, na saa hiyo akili imeshalala, kidole ndicho kinachofikiri. Nyumba za mnada huongeza ada ya mnunuzi, wakati mwingine hata robo ya bei. Ongeza usafiri na ushuru kabla ya kubonyeza. Kikifika salama, kiweke mbali na ukuta wa nje, kwa sababu unyevu wa ziwa hili huzaa madoa ya kahawia kwenye karatasi kabla hujamaliza sura ya tatu.

Siku hizi mtandao umefika hata Kibuye, soko letu hapa Kisumu. Kuna kijana anayetandaza vitabu vya mtumba karibu na wauza viatu, na kwa miaka mingi nilikuwa nikimlipa mia, mia na hamsini. Mwezi uliopita nilichomoa kwenye rundo lake riwaya ya jalada gumu yenye namba 1 kwenye mstari.

"Hicho elfu arobaini, mwalimu."

Akanionyesha simu. Kweli, kulikuwa na mtu Marekani anayekiombea hivyo. Nikampokonya simu kwa upole, nikabonyeza vilivyouzwa: elfu moja na mia nane, elfu mbili, elfu moja na mia tano.

"Sasa huyu wa elfu arobaini ni nani?"

"Ni mtu kama wewe."

Alicheka, lakini kitabu hakukitoa. Amekifunga kwa karatasi ya plastiki, kimekaa juu ya rundo kama mkubwa wa soko, na kila Jumapili nikipita ananiuliza kama nimekuja na ile elfu arobaini. Nimefika elfu mbili na mia mbili.