Altrasaundi kwenye zahanati ya mtaa: anzeni na maswali machache

Zahanati ya mtaa wa Nairobi kama Kayole au Kawangware ikipata altrasaundi ndogo ya kuunganisha na simu, hamu ya kwanza huwa kupima kila kitu: ini, nyongo, figo, tezi. Sisi tunashauri mchague maswali machache ya ndiyo au hapana, yale ambayo jibu lake linabadilisha matibabu ya leo. Mimba imo ndani ya mfuko wa uzazi? Moyo wa mtoto unapiga? Kuna damu au maji tumboni? Kibofu kimejaa? Kuangalia maumbile ya mtoto ni kazi ya mtaalamu wa altrasaundi, na WHO tangu 2016 inapendekeza kila mjamzito apate kipimo kimoja kabla ya wiki 24.

Kwa maswali hayo probu (kile kifaa kinachowekwa kwenye ngozi) yenye uso wa mviringo, ya megahezi 2 hadi 5, inatosha. Pakeni jeli ya kutosha, maana hewa ikibaki kati ya probu na ngozi picha inakufa. Kwa tumbo la mtu mzima anzeni na kina cha sentimita 15 hivi, kisha mpunguze hadi kiungo mnachotafuta kijaze sehemu kubwa ya skrini. Mwangaza ukizidi, maji yanaonekana kijivu na damu inawapita machoni. Linganisheni na mkojo ulio kwenye kibofu, ambao lazima uwe mweusi tititi.

Mimba changa ndiyo inayohitaji uangalifu kuliko yote. Mama awe na kibofu kilichojaa kiasi, mpitishe probu kwa urefu kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha kwa upana. Kuona kifuko cheusi ndani ya mfuko wa uzazi hakutoshi! Mimba iliyotunga nje inaweza kuambatana na maji yanayofanana kabisa na kifuko cha ujauzito. Tafuteni pete ndogo nyeupe ndani yake, yaani kifuko cha kiiniyai, au kiinitete chenyewe. Kipimo cha mkojo kikisema ana mimba, tumbo linamuuma au anatokwa damu, na pete hiyo haionekani, mchukulieni kuwa na mimba ya nje hadi ithibitishwe vinginevyo. Hapo hapo angalieni kati ya ini na figo ya kulia, na nyuma ya mfuko wa uzazi. Mkiona utepe mweusi, huenda ni damu: wekeni laini mbili nene za dripu na mwite ambulensi. Msipouona, bado mpeni rufaa, kwa sababu damu iliyoganda huwa kijivu na hujificha.

Mapigo ya moyo wa mimba changa pimeni kwa M-mode, yaani hali ya mashine inayochora mwendo kwenye mstari mmoja. Dopla, ile ya kuonyesha mtiririko wa damu, hupasha tishu joto zaidi, basi iacheni.

Kibofu ni rahisi: urefu × upana × kina kwa sentimita, mara 0.52, mnapata mililita za mkojo.

Baada ya kila mgonjwa futeni jeli yote kwanza, ndipo mtumie dawa iliyotajwa kwenye kitabu cha mashine. Spiriti isiyoruhusiwa hupasua mpira wa probu. Picha zenye jina la mgonjwa zisizunguke WhatsApp, Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inamlinda.

Kuhusu mafunzo, chama cha madaktari wa dharura cha Marekani, ACEP, kinataja vipimo 25 hadi 50 kwa kila aina. Hifadhini kila picha, na mkubaliane na mtaalamu mmoja azipitie kila wiki, hata zile mlizodhani ni za kawaida.