Usikubali Kuguswa Ukiwa Bado na Pumzi

Dada mmoja ameniandikia juzi. Kocha wake kamwambia mbio za kuogelea baharini hazimfai, arudi bwawani. Anauliza, aache? Ujumbe huo nimeusoma mara tatu, kwa sababu mwezi uliopita nimemaliza kilomita 5 zilezile ambazo miaka miwili iliyopita nilitolewa majini.

Siku ile wimbi lilinijaza mdomo. Nikalala chali nitafute pumzi. Mtu wa boti akadhani nazama, akanishika mkono, na kanuni ni kwamba ukiguswa umetoka. Nililia hadi ufukweni. Sikuwa nimechoka! Hakuna aliyeniuliza, na hadi leo linaniuma.

Aliyeniinua ni Gertrude Ederle, binti wa New York. Mwaka 1924, kwenye Olimpiki ya Paris, alipata dhahabu ya kuogelea kwa kupokezana na shaba mbili. Mwaka uliofuata akajaribu kuvuka bahari kutoka Ufaransa hadi Uingereza, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyekuwa amelimaliza. Baada ya saa nane na ushee majini, kocha wake aliamuru ashikwe. Gertrude alishikilia kwamba alikuwa anapumzika tu. Niliposoma hapo niliweka kitabu chini.

Hakubishana milele. Alitafuta kocha mwingine, Bill Burgess, ambaye mwenyewe alishavuka mwaka 1911, na tarehe 6 Agosti 1926 akaingia tena majini Cap Gris-Nez, pwani ya Ufaransa. Hali ya hewa ilichafuka, mikondo ikamzungusha, wa kwenye boti wakamsihi atoke. Akawauliza kwa nini. Alifika Uingereza baada ya saa 14 na nusu hivi. Wanaume waliomtangulia walikuwa watano tu, na aliyekuwa na kasi kuliko wote alitumia zaidi ya saa 16. Alikuwa na miaka 20, na masikio yake yalikuwa mabovu tangu alipougua surua utotoni. Baadaye alipokuwa kiziwi, aliwafundisha watoto viziwi kuogelea. Huyo ndiye mtu wa kumfuata, dada, si anayekupimia uwezo akiwa amekaa kwenye kiti.

Kwa hiyo usiache. Badilisha kocha ikibidi. Fanya mazoezi baharini, maana bwawa halina mkondo. Na kabla ya kuingia majini kubaliana na watu wa boti juu ya ishara: mkono juu ni mzima, napumzika; mkono usipoonekana, wakutoe bila kuuliza. Narudia, kubalianeni mapema. Mimi sikufanya hivyo mara ya kwanza, na wasichana wengi hawafanyi kwa sababu wanaona aibu kusema kwamba watapumzika. Kupumzika si kushindwa!

Mwezi uliopita wimbi lilinijaza mdomo tena, karibu palepale. Nikageuka chali, nikainua mkono. Boti ikasimama mbali. Nikavuta pumzi kumi, nikageuka, nikaendelea.