Kabla hujarithi randa ya baba, uliza habari za kiwanja

Juzi niliandikiwa na binti mmoja wa Mpeketoni. Babake ana karakana ya majeneza, kaka zake wameikimbia, naye anauliza kama mwanamke aweza kuishika. Nilimjibu kwamba aweza. Jibu refu nimeona niliandike hapa, kwa sababu wengi wenu mna wazee wenye duka, kinu au mashua, na mnangoja siku yenu.

Sisi ni mafundi wa Malindi, kizazi cha tatu sasa. Babu alikuwa seremala wa milango na vitanda. Majeneza yake ya mwanzo aliyaunda kwa ajili ya misikiti, na hakutaka malipo ila gharama ya mbao. Jeneza la msikiti si mali ya mtu: maiti hubebwa nalo hadi makaburini, akalazwa mwanandani na sanda yake, kisha likarudishwa kumngoja mwingine. Moja hudumu miaka na miaka. Biashara ililetwa na majirani zetu Wakristo, Wagiriama na watu wa bara, ambao jeneza lao huingia kaburini. Kuna waliomsema Babu kwa kuwaundia. Yeye alishika kwamba kumsitiri maiti ni kumsitiri maiti.

Baba akaongeza gari, nalo ndilo lililotulisha. Mtu akifia hospitali ya Malindi na kwao ni Marafa au Baricho, sharti arudishwe akazikwe bomani kwao, na njia za huko wakati wa masika mnazijua. Baba alikwama matopeni usiku kucha na maiti nyuma, na wafiwa wakimngojea mahangani. Hakumwacha mtu njiani hata mara moja. Hilo nalisema kwa fahari.

Sasa nifike panaponiuma. Karakana ya Babu ilikuwa nyumba bila ardhi. Sisi wa Pwani twaijua habari hii: kuta na paa ni vyako, udongo una mwenyewe, nawe unalipa kodi ya kiwanja. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwapa karatasi waliowasilisha madai yao. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali, na vitukuu bado wanalipa gharama yake. Babu alipofariki hakuacha hata risiti moja ya kodi. Ami yangu mmoja, ambaye hakuwahi kushika msumeno, alizungumza na mwenye ardhi, akapokea chake, na karakana ikavunjwa. Baba alianza upya chini ya mkwaju, na randa mbili. Miaka baadaye, Baba akiwa kitandani mgonjwa, ami yule yule akasema mbele yangu kwamba mwanamke hawezi kukaa na shughuli za maiti. Nilikuwa nimepima na kupiga randa tangu likizo za shule. Sijasahau, wala sitajifanya nimesahau.

Basi ushauri wangu wa kwanza ni karatasi. Wa pili ni karatasi pia. Muulize mzee wako angali hai: kiwanja ni cha nani, risiti ziko wapi, gari limeandikwa jina gani, nani anadaiwa. Utaambiwa unamwombea kifo. Uliza tena kesho yake, kwa adabu.

Jambo jingine, zijue mbao zako. Februari 2018 Serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, mbao za kutoka bara ziliadimika na bei ikapaa. Tuliponea mwembe, mti wa mashambani kwetu, ambao Babu aliutumia zamani na mafundi wengi wakaudharau. Julai 2023 Rais alitangaza kuiondoa marufuku, lakini mwembe sijauacha. Ukikaushwa sawasawa na kupigwa msasa mzuri, anayeuona hawezi kuudharau.

Na usiuze kwa mtu ambaye bado hajakabidhiwa mwili. Mwaka huo huo wa 2023, maiti walipofukuliwa msitu wa Shakahola walikofia wafuasi wa dhehebu moja, zaidi ya 400, mzee mmoja alikuja kwangu na pesa mkononi akitaka jeneza la mtoto wake. Nilikataa kuzipokea. Nilimwambia azitunze, uchunguzi wa vinasaba utachukua muda. Familia za kwanza zilianza kukabidhiwa miili Machi 2024. Fikirieni jeneza likae ndani ya nyumba ya mzazi muda wote huo, analipita kila akienda kulala! Wako waliouza. Mfiwa hana nguvu ya kubishana bei, na anayemkamua wakati huo anajua afanyalo. Ndugu zangu, tumwogope Mungu. Bei yangu nimeiandika ukutani, mwenye nacho na asiye nacho wanasoma ile ile, na madalali wa mlangoni mwa mochari siwapi hata shilingi.

Kiwanja nilipo leo nimekinunua, na hati ninayo. Mwana wa dadangu huja Jumamosi kupiga randa, mkono wake umeanza kunyooka, na jina lake nimelitia kwenye usajili wa biashara pamoja na langu. Ami zake wakija na maneno siku moja, wakili ana nakala.