Sipriani wa Karthago hakuwa mwoga

Ndugu, umeuliza kama Sipriani, askofu wa Karthago (Tunisia ya leo), alikuwa mwoga kwa kujificha mwaka 250, kaisari Decius alipoamuru watu watoe sadaka kwa miungu ya Roma. Nasema hapana. Akiwa mafichoni aliendelea kuliongoza kanisa lake kwa barua, na nyingi tunazo mpaka leo. Aliporudi mwaka 251 alikuta mgogoro mzito: waliomkana Kristo kwa hofu wapokewe tena, au wafungiwe mlango? Yeye na maaskofu wenzake wa Afrika waliamua wapokewe, ila baada ya toba ya kweli. Tauni ilipoingia mjini akahimiza Wakristo wawasaidie hata wapagani. Hapo ndipo ninapomwona mchungaji hasa!

Mwaka 258 alijificha tena kidogo, maana wakuu wa Kirumi walitaka kumpeleka mji mwingine, Utica, auawe huko, naye alitaka kufa mbele ya waumini wake Karthago. Aliposomewa hukumu ya kifo alijibu, "Mungu ashukuriwe," akaagiza atakayemkata kichwa apewe vipande 25 vya dhahabu. Aliuawa tarehe 14 Septemba. Wakatoliki humkumbuka tarehe 16, pamoja na Papa Kornelio.