Nina domo, je, nitafaa kuwa wakili?

SWALI: Shikamoo Mama Wakili. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, nasoma shule ya kata wilayani Chamwino. Nyumbani wanasema kwa domo langu hili lazima niwe wakili, na kweli kwenye midahalo ya shule sijawahi kushindwa. Nimeshaanza kukariri Katiba, nimefika Ibara ya 18. Nijiandae vipi zaidi, na kidato cha tano nichukue kombi gani? Mjomba anasema bila kujuana na wakubwa napoteza muda.
Binti wa Chamwino

JIBU: Marahaba mwanangu, na mbukwa, kama tunavyosalimiana kwa Kigogo. Barua yako imenichekesha, maana hilo la domo na mimi niliambiwa nikiwa na umri wako, kule Mpwapwa. Nikaliamini. Likaja kuniumbua.

Miaka yangu ya mwanzo kazini nilimtetea mdaiwa kwenye shauri la mpaka wa shamba la zabibu. Upande wa pili wakaleta shahidi, mzee mwenye fimbo, anayeongea polepole utadhani kila neno analilipia. Akaanza na habari za utotoni, walivyochunga ng'ombe, nani alikuwa rafiki wa nani. Mimi simsikilizi, napanga maswali yangu ya dodoso, yale ya kumbana shahidi wa upande wa pili. Zamu yangu ilipofika nikasimama kwa mbwembwe: "Mzee, wewe hukai pale. Umejuaje kuwa mpaka ni ile minyaa?" Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, minyaa ile tuliipanda mimi na baba wa huyu mteja wako. Si nimesema tulichunga pamoja?" Watu wakacheka. Hakimu aliinamia kalamu yake, ila mabega niliyaona yakitikisika.

Kesi ile niliiua mwenyewe, kwa swali ambalo jibu lake nusu lilikuwa limeshatolewa huku nimeziba masikio.

Kwa hiyo midahalo endelea nayo, inaondoa woga, lakini kazi yenyewe huanzia masikioni. Shule ikifunga, nenda Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu nanyi. Mashauri husikilizwa hadharani na kwa Kiswahili, huhitaji kuwa na kesi ili ukae pale, isipokuwa yale yanayosikilizwa faragha, kama ya watoto. Vaa kwa heshima, zima simu, usipige picha, hakimu akiingia simama. Utasikia mirathi, madeni, mbuzi walioingia shamba la mtu. Ukirudi nyumbani andika ukurasa mmoja, usizidi: nani analalamika, anataka nini, mwenzake anajibu nini, na hasa wapi hawakubaliani. Hapo pa mwisho ndipo pagumu. Watu wanaweza kugombana saa nzima, kumbe kinachowatenganisha ni kitu kimoja tu, ile elfu hamsini ilikuwa mkopo au zawadi. Ukikizoea kukiona hicho kitu sasa, utawaacha mbali wengi niliosoma nao.

Na kuandika usikufanyie mzaha. Mwaka 2022, katika matokeo yaliyozua mjadala nchi nzima, kati ya wanafunzi 633 wa Shule ya Sheria kwa Vitendo, anakopita mwenye shahada ya sheria kabla ya kuwa wakili, ni 26 tu waliofaulu bila kurudia mtihani. Hao wote walikuwa na shahada tayari.

Katiba sasa. Acha kukariri! Isome kama unayesoma mkataba wa kupanga nyumba, ukijiuliza kila sentensi inampa nani nini. Mwaka 1994 hapahapa Dodoma, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alisema adhabu ya kifo inapingana na Katiba, katika kesi ya Mbushuu. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili, lakini ikasema Ibara ya 30(2) inairuhusu. Ibara ni zilezile, majaji wote walikuwa nazo mezani. Tafuta hukumu zote mbili, msome na mwalimu wako wa Uraia, kisha mbishane. Hapo domo ruksa.

Hukumu hizo ni za Kiingereza. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama, lakini vitabu na hukumu za zamani haviwezi kugeuka kwa usiku mmoja, na chuoni utafundishwa kwa Kiingereza. Ndiyo maana napenda HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) au HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza). Chagua ile utakayofaulu vizuri. Baada ya hapo ni shahada ya sheria, ambayo hata hapa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) ipo, miaka minne, halafu Shule ya Sheria kwa Vitendo Dar es Salaam, ndipo uapishwe kuwa wakili. Na kidato cha nne kikikwenda kombo usilie sana: Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto kinatoa astashahada na stashahada ya sheria, na wapo waliopandia ngazi hiyo.

Mjomba wako si mwongo kabisa. Kujuana humpatia mtu kiti kwenye ofisi ya wakili. Ila jaji akiuliza ukurasa wa ngapi wa jalada, mjomba mtu hawezi kukunong'oneza.

Ukurasa wako wa kwanza nitumie. Nitausahihisha kwa kalamu nyekundu, na nakuonya mapema, nina mkono mzito.