Fundi Anajibu: Boneti imedonolewa na mawe, ipigwe rangi yote?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota IST ya silva, juzi tumetoka Dodoma tukakaa nyuma ya lori la kokoto mwendo mrefu tu, kufika naona boneti imedonolewa, vidoti kama sita, na kimoja kishaanza ukahawia. Gereji wanasema boneti nzima ipigwe upya. Shoga yangu ananiambia nipake rangi ya kucha yaishe. Nifanyeje? – Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba dada. Boneti nzima kwa vidoti sita? Kataa. Rangi ya kiwandani inachomwa kwenye oveni, ukishaikwangua ndo basi tena.

Fungua boneti utafute kibati chenye maandishi C/TR, alama tatu za mwanzo (namba na herufi) ndo kodi, yaani namba ya utambulisho wa rangi, silva nyingi za Toyota ni 1F7 ila angalia yako mwenyewe, maana ukienda dukani kununua kichupa cha rangi ya kuziba vidoti ukasema tu "nipe silva" utapewa silva yoyote.

Anza na hicho cha kahawia. Kutu ukiifunika inaendelea kula chini kwa chini mpaka rangi ivimbe, kwahiyo kwangua taratibu kwa ncha ya msasa hadi bati ling'ae, futa kwa spiriti, weka tone la praima, ile rangi ya chini inayoshika bati. Vile ambavyo bati halijaonekana havihitaji praima, osha na ufute tu.

Rangi itikise sana, chenga za silva zinakaa chini ya kichupa. Halafu ile brashi yake achana nayo, inaacha mlima, chukua kijiti cha meno udondoshee kidogo katikati ya shimo, subiri kama nusu saa, rudia mara mbili tatu. Fanya kivulini, bati likiwa la moto rangi inakauka juu chini bado mbichi. Malizia na klia, ile rangi ya juu inayoona ndani, ipite kidogo usawa wa rangi ya pembeni, na hapa ndo wengi wanaharibu jamani, kesho yake tu wanasugua! Kaa wiki nzima, ndo upitishe msasa wa maji namba 2000 kwa mkono mwepesi, kisha kapaundi, dawa ya kung'arisha rangi.

Rangi ya kucha itazuia maji kwa muda, baadae jua linaipausha na inabanduka. Silva hata ukipatia kodi, ukiinama utaviona vidoti, ukisimama hatua mbili huvioni. Kama na bampa imedonolewa iache mwisho, ile plastiki haili kutu.