Kabla hujabonyeza kitufe cha kutuma: kuandaa mswada wa jarida la kitaaluma

Mswada ukishatumwa kwa jarida, anayeufungua kwanza si mhakiki, yaani mtaalamu anayeipima kazi yako. Ni msaidizi wa mhariri mwenye orodha yake: maneno yamezidi kiwango? Ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzo, imefuata muundo? Namba ya idhini ya maadili ipo? Majedwali yanaharirika au ni picha zilizobandikwa? Kikikosekana kimoja mswada unarudi, pengine baada ya wiki kadhaa za kungoja. Mwanafunzi wa uzamili au uzamifu hapa Nairobi ambaye chuo chake kinadai makala kabla ya mahafali anaweza kujikuta akilipia muhula mwingine kwa kasoro ambayo ingerekebishwa jioni moja.

Chagua jarida kwanza, kisha uandike. Fungua ukurasa wa maelekezo kwa waandishi, uchapishe, upigie mstari kila tarakimu: idadi ya maneno, ya majedwali, ya marejeleo, ya maneno ya msingi. Kisha tafuta makala matatu ya karibuni katika jarida hilo yanayofanana na kazi yako kimbinu, uhesabu. Utangulizi una aya ngapi? Mjadala unaanza na nini? Utaona kwamba sura ya pili ya tasnifu, ile ya kurasa 40 za mapitio ya maandishi, hapa inakuwa aya nne au tano. Tasnifu haikatwikatwi ikawa makala. Chagua swali moja kati ya maswali yake ya utafiti, ujibu hilo tu.

Thibitisha pia kwamba jarida lenyewe ni la kweli. Litafute katika DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida yanayosomwa bure, au katika AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, ikiwa ni la Afrika, na uingie kwenye tovuti yake kupitia kiungo cha huko, maana wapo matapeli wanaonakili tovuti ya jarida halali hadi nembo. Barua pepe inayokusifu bila kutaja hoja hata moja ya kazi yako na kukuahidi kuchapishwa ndani ya siku tano, iache. Jarida likiwa na ada usiyoimudu, omba msamaha wa ada siku ya kutuma. Wachapishaji wengi hawasikilizi ombi linalokuja baada ya makala kukubaliwa.

Mpangilio wa sayansi na tafiti nyingi za jamii unajulikana: utangulizi, mbinu, matokeo, mjadala. Ila usiandike kwa mpangilio huo. Tengeneza majedwali kwanza, kwa kuwa ndiyo yanayoonyesha una nini mkononi. Fuatisha mbinu na matokeo, kisha mjadala na utangulizi. Ikisiri iwe ya mwisho kabisa. Anayeanza na ikisiri huikumbatia hata matokeo yakibadilika, na hapo ndipo hitilafu kubwa kuliko zote inapozaliwa: namba zisizopatana.

Tuseme umewahoji wachuuzi 214 wa mboga katika soko la Gikomba. Wakati wa kusafisha data umeondoa fomu mbili zisizo na umri. Ikisiri uliyoiandika mapema bado inasema 214. Mbinu zinasema 212. Jedwali la 1 lina wanaume 97 na wanawake 115, jumla 212, lakini asilimia zimekokotolewa kwa 214, hivyo wanaume wamekuwa 45.3 badala ya 45.8. Mhakiki akigundua hilo ataacha kuziamini hata namba zilizo sahihi. Dawa yake ni rahisi na inachosha: chapisha mswada, shika kalamu nyekundu, zungushia kila namba iliyo kwenye ikisiri, uitafute ilikotoka ndani ya matokeo na ndani ya jedwali. Sentensi moja katika mbinu ieleze wazi kwamba waliohojiwa walikuwa 214, fomu mbili zikaondolewa, na kwa nini.

Jedwali litengenezwe kwa zana ya majedwali ya programu yako, kamwe si kwa kubonyeza nafasi mara nyingi hadi safu zilingane. Kisanduku kimoja kibebe thamani moja. Majarida mengi yanataka mistari mitatu tu ya mlalo, bila mistari ya wima. Kwa kawaida kichwa cha jedwali hukaa juu, maelezo ya mchoro hukaa chini. Vifupisho vyote vifafanuliwe chini ya jedwali lenyewe, kwa sababu wasomaji wengi huanzia hapo kabla ya kusoma aya hata moja. Usinakili kurasa za SPSS, programu ya takwimu, zilivyo. Programu hiyo ikikuonyesha thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata tofauti kama hiyo kwa bahati tu, kuwa .000, haimaanishi sifuri. Imekadiria hadi tarakimu tatu baada ya nukta. Andika p < 0.001. Nyingine ziandike kamili, mfano p = 0.032, badala ya kusema tu kwamba tofauti ni kubwa kitakwimu. Na katika matini usirudie kila kilichomo kwenye jedwali. Mwelekeze msomaji kwenye safu mbili au tatu zenye uzito.

Picha na michoro huangusha wengi kwa sababu kwenye skrini zinaonekana safi. Kipimo kinachotakiwa mara nyingi ni dpi (nukta kwa kila inchi) 300 kwa picha, na 600 au zaidi kwa michoro ya mistari. Hesabu mwenyewe: safu ya jarida yenye upana wa sentimita 8.5 ni karibu inchi 3.35, ukizidisha kwa 300 unapata pikseli zipatazo 1,004. Picha ya pikseli 480 haiokolewi kwa kuivuta wala kwa kubadilisha tarakimu ya dpi. Pikseli zisizokuwepo haziumbwi. Picha ya maabara au ya mtaani iliyotumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida huwa imekwisha kubanwa, basi mwombe mwenzako aitume kama waraka au kwa barua pepe. Grafu ihamishwe kutoka kwenye programu iliyoichora, isipigwe picha ya skrini. Ramani nazo zina shida yake. Kaunti ya Nairobi ina wadi 85. Ukiandika majina yote 85 kwenye ramani ya sentimita 8.5, hakuna atakayesoma hata moja. Onyesha maeneo bunge 17, au wadi ulizofanyia kazi tu, uweke kipimo, mshale wa kaskazini na chanzo cha mipaka.

Marejeleo yanahitaji subira kuliko kitu kingine. Tumia programu ya kupanga marejeleo tangu makala ya kwanza unayoisoma. Zotero ni ya bure na inatosha. Lakini usiiamini macho yakiwa yamefumba. Ikichota ripoti ya Kenya National Bureau of Statistics, inaweza kuligeuza jina la shirika kuwa la mtu, ukapata “Statistics, K. N. B. of”. Kando ya nafasi ya jina kuna kitufe kidogo cha kuligeuza liwe jina la kipande kimoja. Kibonyeze. Majina yetu nayo huumia vivyo hivyo: Ngũgĩ wa Thiong'o huorodheshwa na maktaba chini ya Ngũgĩ, kwa kuwa “wa Thiong'o” inamtaja baba, ila programu iliyozoea majina ya ukoo ya Kizungu itakuandikia “Thiong'o, N. wa”. Angalia herufi ĩ na ũ kwenye kila rejeleo. Zikigeuka vijisanduku au alama za kuuliza, fonti uliyotumia haizibebi. Badilisha fonti, usizifute alama. Kumwandika mtu jina lake sawasawa ni sehemu ya kumheshimu.

Mtindo hutegemea jarida. Vancouver hutumia namba kwa mpangilio wa kutajwa katika matini, APA, toleo la 7, hutumia jina na mwaka, na waandishi wakiwa watatu au zaidi hutajwa wa kwanza tu na “et al.” tangu mara ya kwanza. Rejeleo lenye DOI, namba ya kudumu inayoitambulisha makala mtandaoni, liandikwe na DOI yake, uibonyeze uone inafungua makala yenyewe. Takwimu ichukuliwe kwenye chimbuko lake. Idadi ya watu wa Nairobi katika sensa ya 2019, yaani 4,397,073, irejelewe kwa juzuu la sensa, si kwa makala ya mtu aliyeinukuu. Na kila kilichotajwa ndani kiwe kwenye orodha, kila kilicho kwenye orodha kiwe kimetajwa ndani.

Kuhusu maadili, andika jina la kamati iliyokuidhinisha, namba ya idhini na tarehe, pamoja na namba ya leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi. Tarehe hizo zitangulie tarehe ya kuanza kukusanya data. Mhariri hulinganisha, na kwa kawaida idhini haitolewi kwa kurudi nyuma; asiyekuwa nayo kabla ya kwenda nyanjani hana pa kuitafuta baadaye. Eleza ridhaa ilipatikanaje na kwa lugha gani. Uso wa mtoto wa mtaa wa Mathare au wa mgonjwa usionekane bila ridhaa ya maandishi ya kuchapishwa, ambayo ni tofauti na ridhaa ya kuhojiwa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahusu hata faili la ziada unaloambatisha, kwa hiyo futa majina na namba za simu kwenye lahajedwali, pamoja na safu zilizofichwa.

Mpangilio wa majina ya waandishi ukubaliwe mapema, kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi tu kati yako na msimamizi wako. Kigezo cha nani awe mwandishi, cha ICMJE (kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba), kina masharti manne, na yote hutimizwa kwa pamoja: kuchangia wazo au data, kuandika au kuhakiki, kuidhinisha toleo la mwisho, na kuwajibika kwa kazi. Aliyelipwa kuchakata takwimu peke yake hushukuriwa mwishoni. Programu za akili unde haziwi waandishi; ukizitumia, sema ulizitumia kufanyia nini. Chagua namna moja ya kuandika jina lako na udumu nayo, ujiandikishe ORCID upate namba ya kudumu ya kukutambulisha kama mtafiti, na usitumie barua pepe ya mwanafunzi ambayo chuo kitaifunga ukihitimu.

Mambo ya herufi ni mepesi: saizi 12, nafasi mbili kati ya mistari, namba za mistari zinazoendelea hadi mwisho, namba za kurasa. Kama uhakiki ni wa kufichana majina, ondoa jina lako kwenye sifa za faili pia, na ufiche jina la chuo kwenye aya ya maadili. Kubali au ukatae mabadiliko yote na ufute maoni ya msimamizi pembeni. Miswada mingi hufika ikiwa na “hii aya sijaielewa” bado inaning'inia.

Siku ya kutuma, mfumo utaunganisha faili zako kuwa PDF moja. Isome yote kabla ya kuidhinisha, kwa sababu hapo ndipo jedwali pana hukatika na mchoro wa 2 hukaa pa mchoro wa 3. Waandishi wenzako hutumiwa barua ya kuthibitisha, na katika baadhi ya majarida mswada hausogei hadi kila mmoja abonyeze, kwa hiyo wapigie simu siku hiyohiyo. Usitume kwingine hadi jarida la kwanza likatae au wewe mwenyewe uuondoe kwa barua.

Maoni ya wahakiki yakija, nakili kila hoja, uijibu chini yake, utaje ukurasa na mstari uliorekebisha. Usipokubaliana na hoja, toa ushahidi kwa upole. Makala ikikubaliwa utaletewa nakala ya mwisho ya kusahihisha, mara nyingi kwa saa 48 hadi 72. Humo kagua majina ya waandishi, ĩ na ũ zake, vizio vya vipimo, na kila namba ndani ya majedwali, kwa kuwa mpangaji wa kurasa huyapanga upya, na kosa litakalopita hapo litarekebishwa tu kwa tangazo la masahihisho litakaloambatana na makala yako daima.